Msumari wa Mlangoni

Kila Jumatatu, kabla sijawasha mashine ya fotokopi,
natundika karatasi moja kwenye msumari wa mlango.
Naiandika kwa mkono, upande mmoja tu,
maana upande wa pili ni cheti cha mtu
kilichotoka cheusi tangu jina hadi muhuri.

Hakuna aliyenituma.
Tukuyu ina habari zake, na zinatembea bila mimi:
zinashuka na matoroli ya ndizi, zinapanda na bodaboda,
zikifika sokoni zimeshapata wajukuu.
Mimi naandika zinazobaki nyuma,
zile nyepesi zisizo na mbebaji.

Kwamba ukungu wa leo umeshuka hadi kwenye visigino.
Kwamba parachichi la jirani liliangukia bati langu usiku wa manane
nami usingizini nikaitika, "Karibu."
Kwamba mwanangu Tusa ameuliza
mvua ikichoka inalala wapi,
na sikuwa na jibu,
nikamwambia amalize uji.

Wasomaji wangu nawajua kwa viatu.
Mlango haufiki chini, na kiti changu ni kifupi.
Buti za mpira zilizogandwa na majani ya chai: Ambilikile,
anasoma polepole, mguu mmoja umeshatangulia kazini.
Viatu vya shule, jozi mbili, vinasukumana.
Kandambili moja ya bluu na moja ya kijani,
hizo sijawahi kujua ni za nani.
Wiki njema ni jozi tisa.
Wiki moja ya masika alikuja mbuzi wa Anyosisye.
Hakusoma, alikula,
na nakiri, katika wote
ni yeye peke yake ninayejua kwa hakika kwamba aliimaliza.

Mume wangu aliuliza, "Inalipa?"
Nikasema hailipi.
"Sasa?"
Nikaenda kuchuja chai.

Juni, katika baridi ile inayoingia hadi kwenye meno,
mama alilazwa Makandana.
Nilijifunza idadi ya ngazi, na muuguzi yupi hapendi kuulizwa,
na kwamba chupa ya uji ikifungwa kwa kitenge
hufika bado inatoa moshi.
Jumatatu tatu sikuandika neno.
Msumari ukabaki msumari.
Nani angeona? Nilijiuliza hivyo, bila uchungu,
kama mtu anavyouliza bei ya kitu asichokinunua.

Jumatatu ya nne nakuta kikaratasi kimechomwa palepale,
kimechanwa kwenye daftari la hesabu, lile la visanduku,
mwandiko wa mtu anayekandamiza kalamu
kana kwamba anapanda mahindi:

"Ulisema ng'ombe wa mama Subilaga ana mimba na hali majani.
Hukumalizia."

Hakuna jina. Hakuna salamu.
Nilikisoma mara nne
huku mteja ananyoosha kitambulisho chake juu ya kaunta,
anataka nakala sita, mbele na nyuma, ana haraka.
Nikampa saba.

Saa nne nikafunga duka.
Sijawahi kufunga saa nne.
Nikapanda kwa mama Subilaga, udongo ukinivua kiatu
nami nikiuomba unirudishie,
nikasimama zizini nikiwa sina nilicholeta
ila swali la mtu mwingine.
"Umekuja kuangalia ng'ombe tu?" akashangaa.
Ng'ombe tu, mama.
Akanipa ndizi za kuchoma, akanitazama nikila
kama anayetafuta ugonjwa.

Jioni nikaandika, nikageuza
cheti cheusi upande wake wa pili:

Alizaa. Usiku, peke yake, bila kelele.
Ndama jike, ana doa jeupe kwenye goti
kama aliyepiga magoti kwenye unga.
Majani anakula sasa, hata ya uzio.
Mama yangu ametoka hospitali.
Jana amelalamika kwamba mboga haina chumvi.
Ndama hajapewa jina.
Kama unalo,
msumari upo.